Hoteli Isiyotoa Chai ya Maziwa

Ninyi vijana wa darasa la upishi pale parokiani mmenitumia ujumbe kwenye simu ya mjukuu wangu, mkitaka historia ya zile hoteli za Mzee Natani. Mmeandika, "Bibi, tunaomba uanzie mwanzo." Sasa wanangu, mwanzo wenyewe siujui vizuri. Nimekaa jikoni mwa mzee yule karibu maisha yangu yote ya kazi, na bado kuna mambo nikiyakumbuka nabaki nimeshika kichwa. Nitawapa yale niliyoyaona. Mkichanganyikiwa msijali, mimi nilichanganyikiwa kabla yenu na kazi niliifanya hivyo hivyo.

Tuchukue hata jina tu. Juu ya mlango wa hoteli yetu ya Mbulu mjini palikuwa na ubao umeandikwa DELI kwa rangi nyekundu. Ninyi mnajua deli ni nini: lile boksi la barafu wanalobeba wauza maji na aiskrimu stendi. Basi tulipofungua, watu walikuja na ndoo kuuliza barafu. Baba mmoja kutoka Tumati alileta samaki amewafunga kwenye majani ya mgomba.

"Shikamoo Mzee. Nimeambiwa hapa ni deli."

"Marahaba. Ndiyo, ni deli," akajibu Mzee Natani.

"Basi nihifadhie samaki mpaka jioni."

"Lakini hapa tunauza nyama."

"Ndani ya deli?"

"Ndani ya deli, ndiyo."

Yule baba akachungulia mlangoni, akaona meza na viti na watu wanakula. Akamtazama mzee, akawatazama samaki wake, akaondoka bila kuaga. Mzee Natani akanigeukia. "Mama Safari, nimesema nini kibaya?"

Nilimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ubao hakuubadilisha. Alisema kwao deli ni hoteli ya Wayahudi, mahali panapouzwa nyama ya chumvi iliyokaushwa kwa moshi, mkate, matango ya chumvi na supu, na kwamba watu wake walilibeba neno hilo kila mji waliokimbilia. Kama limefika Mbulu likakutana na boksi la barafu, litajijua lenyewe.

Mimi naitwa Veronika, mama yake Safari, mzaliwa wa Nambis. Nilipoajiriwa nilijua kupika makande, ugali na mboga za nyumbani. Nilimwambia mama yangu kwamba bosi wangu ni Myahudi. Mama aliacha kupepeta mahindi.

"Wayahudi wale wa kwenye Biblia?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe bado wapo?"

Wiki ile ile alivaa kitenge chake cha kanisani, akatembea kutoka Nambis hadi mjini kumwangalia. Alimkuta mzee mwembamba, amevaa sweta lililotoboka viwiko, anamenya vitunguu saumu. Mama akasimama mbele yake kwa adabu sana. "Baba, huko Yerusalemu hawajambo?"

Mzee Natani akafuta mikono. "Mama, sijui. Mimi nimezaliwa Arusha."

Mama alirudi nyumbani amenuna, akaniambia nichunguze vizuri, huenda mtu yule anadanganya.

Hakuwa anadanganya. Baba yake alikuwa mchinjaji huko Ulaya, akakimbia wakati wa vita, na kwa njia ambazo sikuzielewa hata nilipoelezwa mara nyingi, akaishia kutengeneza matrekta kwenye mashamba ya ngano ya Hanang. Huko ndiko Natani alikojifunza kuchinja na kukausha nyama, kutoka kwa baba aliyeifanya kazi hiyo kwa ajili ya familia yake tu, maana Myahudi mwingine jirani hakuwepo. Natani alipokua alifanya kazi nyingine Arusha, akaoa mke aitwaye Hana, na walipokaribia uzee wakaja Mbulu kufungua hoteli. Nilimuuliza kwa nini Mbulu. Akasema, "Baridi." Nyama ikilala kwenye maji ya chumvi siku nyingi, joto litaiharibu. Hapa kwetu hata chumvi yenyewe inasikia baridi.

Sasa niwaambie kazi ilivyokuwa, maana hapo ndipo mtakapofaidika.

Nyama ni kidari cha ng'ombe. Chagua ng'ombe aliyetembea, si yule aliyefungiwa zizini. Kidari cha ng'ombe aliyetembea ni kigumu na mafuta yake yana rangi ya siagi, na ugumu huo ndio tunaoutaka, kwa sababu nyama laini ikikaa kwenye chumvi inakuwa kama kitambaa kilicholowa. Maji ya chumvi yapime kwa yai bichi. Yai likizama, ongeza chumvi. Likielea likatoa kichwa nje ya maji, acha. Weka kitunguu saumu, pilipili manga, mbegu za giligilani na majani ya bay, yale makavu ya kunukia. Igandamize nyama kwa jiwe safi isielee. Kila asubuhi igeuze. Ukisahau kuigeuza, upande mmoja utakuwa mwekundu na mwingine wa kijivu, na mteja atakuuliza huyu ng'ombe aliungua wapi.

Baada ya hapo ni moshi, na hapo ndipo lilipotokea jambo la ajabu. Mzee Natani alijaribu miti mingi. Mikaratusi ilitoa harufu ya dawa ya kikohozi. Mwishoni nilimletea mzeituni mwitu, ule ambao mama zetu hapa hufukizia vibuyu vya maziwa. Nyama ikatoka nyeusi nje, nyekundu ndani, tamu ajabu. Tulifurahi. Mteja wa kwanza kuila alikuwa mfugaji kutoka Bashay. Alitafuna, akatafuna tena, akasema, "Hii nyama ina maziwa."

Mzee Natani alishtuka kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua. Maana sheria kubwa kuliko zote za jiko lile ilikuwa hiyo: nyama na maziwa havikutani. Si kwenye sufuria, si kwenye sahani, si kwenye meza. Ndiyo sababu hatukuwa na chai ya maziwa. Nyama ya deli na chai ya rangi, basi. Fikirini, hapa kwetu, katikati ya watu wa ng'ombe, hoteli haitoi chai ya maziwa!

"Maziwa yametoka wapi?" mzee akaniuliza. Tukanusa sufuria zote. Tukanusa visu. Mama Hana akaninusa hata mimi. Ni mpaka yule mfugaji aliposema, "Inanukia kibuyu cha mama yangu," ndipo tukaelewa kuwa ni moshi. Mzee akakaa akiwaza kama moshi unaofanana na maziwa ni maziwa. Mama Hana akamwambia, "Natani, kula." Akala. Tangu siku hiyo hatukutumia mti mwingine.

Kulikuwa na sheria nyingine. Damu ilitolewa yote: nyama inalowekwa, inapakwa chumvi, inalazwa kwenye ubao ulioinama, inaoshwa. Wazee waliuliza, "Damu mmeipeleka wapi?" kana kwamba tumewaibia. Mapaja ya nyuma hatukuyapika, tuliyauza kwenye mabucha mengine. Nyama nzuri vile! Nililalamika mpaka katekista wetu akanionyesha kwenye kitabu cha Mwanzo, Yakobo aliposhikana na malaika akateguka paja, kwamba ndiyo maana watoto wake hawali mshipa wa hapo. Niliisoma mara mbili. Nilikuwa nimesikia somo hilo kanisani tangu utoto, sikujua kama kuna watu linawazuia kula. Na kitimoto, nyama ya nguruwe inayopendwa Mbulu nzima, hakikukaribia hata kivuli cha mlango.

Sheria zote hizi kwa jumla waliziita kosheri. Tulipofungua deli ya pili, ya Dongobesh, mpishi wa kule alidhani kosheri ni kiungo. Mzee alipomtembelea akamuuliza, "Hii nyama ni kosheri?" Mpishi akajibu kwa heshima kabisa, "Samahani Mzee, kosheri iliisha juzi, nimeagiza nyingine Arusha." Deli ya Dongobesh haikudumu. Wateja walisema chakula ni kizuri ila hawaelewi wanakula nini, na mpishi alikuwa wa kwanza kutokuelewa.

Ya tatu ilikuwa ya Katesh, na hiyo ndiyo iliyotutikisa.

Msimamizi wake aliitwa Emanuel, sisi tulimwita Ema, kijana wa Kibarbaig kutoka tambarare za Hanang, Mkristo, mwepesi wa mikono. Nilimfundisha mimi mwenyewe pale Mbulu. Aliniita dada, nami nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Mzee Natani na mama Hana hawakujaliwa mtoto, na nadhani kwa Ema waliona kitu kama hicho. Mama Hana alimfundisha hata kusuka mkate wa Ijumaa wa kuikaribisha Sabato, kazi ambayo mimi sikuiweza kamwe, wangu ulitoka kama kamba iliyofungia mbuzi. Mama Hana alipofariki, Ema alilia kuliko sisi wote.

Deli ya Katesh ilijaa tangu mwanzo. Baba yake Ema, Mzee Gidamis, alikuwa akija pale karibu kila siku na fimbo yake na shuka lake, anakaa pembeni anakula polepole. Tatizo lilikuwa moja. Hoteli zetu zilifungwa Ijumaa kabla jua halijazama, na Jumamosi hazikufunguliwa kabisa, kwa sababu ni Sabato. Na Katesh siku hizo mnada uliangukia Jumamosi. Watu kutoka kila upande wanauza ng'ombe, wana njaa, wana fedha mfukoni, na deli imefungwa kufuli.

Jumamosi moja nilikwenda Katesh kwenye harusi ya binti wa dada yangu. Nikapita njia ya hoteli ili tu niuone ubao wetu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani watu wamejaa mpaka wamekaa kwenye makreti ya soda. Na kwenye kila meza, pembeni ya nyama yetu, kikombe cha chai ya maziwa kinafuka mvuke.

Ema akaniona. Akaja na aproni yake, hakukimbia wala hakujificha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ema, hii ni nini?"

"Ni Jumamosi, dada."

"Najua ni Jumamosi!"

"Basi unajua ni mnada." Akanivuta nje kidogo. "Dada, nisikilize. Wale wasichana wanaohudumia, kila mmoja ana watoto nyumbani. Siku nyingine zote tunauza kidogo. Mwaka juzi nilitaka kuwapunguza nusu yao. Jumamosi ndiyo inayowalisha. Na hawa watu, wewe unawajua, ukimpa mtu nyama ukamnyima maziwa anadhani umemchukia. Mimi si Myahudi. Wewe si Myahudi. Hata mmoja aliyekaa hapo si Myahudi. Tunamzuilia nani?"

Ningesema amekosea? Wasichana wale niliwaona wanavyopita na sahani, wamechangamka. Ningesema yuko sawa? Jina pale juu lilikuwa la mzee aliyenitendea kama baba. Nikamwambia, "Mzee akijua?"

"Utamwambia?"

Nilikwenda harusini, na kama mtaniuliza bibi harusi alivaa nini, sijui.

Usiku nilirudi Mbulu, na Jumapili niliwahi misa ya kwanza, kisha nikaenda kazini. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno na kuyapangua. Nikimwambia mzee, Ema atafukuzwa, na wale wasichana pia. Nisipomwambia, nitawezaje kusimama naye kwenye moto ule ule kila siku? Nilimkuta ananoa kisu. Alikuwa na desturi ya kupitisha ukucha kwenye makali kutafuta pengo, hata dogo kama nywele, maana kisu chenye pengo kinamuumiza mnyama. Hakuinua macho.

"Harusi ilikuwaje, mama Safari?"

"Nzuri, Mzee."

"Na hoteli? Ilijaa?"

"Mzee, ulijua?"

"Kidari ninachokipeleka Katesh kinaisha upesi mno. Nimewalisha watu wale miaka mingi, najua matumbo yao." Akaweka kisu chini. "Nimejua muda mrefu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ema ni Mkristo. Sheria hii hakupewa yeye, tulipewa sisi. Nimwadhibu kwa sheria isiyo yake?" Akakisukuma kisu pembeni. "Lakini baba yangu alipofika nchi hii hakuwa na nyumba ya kusalia. Hakuwa na ndugu, wala kaburi la mama yake la kwenda kulitembelea. Alibaki na namna yake ya kula na namna yake ya kupumzika. Hivyo viwili tu. Ndivyo nilivyoviandika pale juu ya mlango. Sasa niambie wewe. Nimfukuze Ema?"

"Hapana, Mzee."

"Basi nimwache aendelee?"

Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. "Hapana, Mzee."

"Kumbe na wewe hujui."

"Sijui, Mzee."

"Afadhali," akasema. "Nilidhani niko peke yangu."

Tuliendelea hivyo kwa muda, yeye anajua, mimi najua, Ema anajua kwamba tunajua, na kidari kinapelekwa Katesh kama kawaida. Nyumba ambayo kila mtu anajua na hakuna anayesema inachosha kuliko ugomvi. Hatimaye siku moja mzee akavaa koti, akaniambia, "Twende."

Tulifika Katesh mchana. Hoteli ilikuwa na watu wachache, na Mzee Gidamis pembeni kwenye kiti chake. Ema alipotuona akafuta mikono kwenye aproni. Akamsalimia mzee, akamletea nyama na chai ya rangi. Mzee Natani akala kipande, akakubali kwa kichwa kwamba kimepikwa vizuri.

"Jumamosi unawapa nini, Ema?"

"Nyama, Mzee." Akamwongezea chai. "Na chai ya maziwa."

"Wanaipenda?"

"Sana, Mzee."

"Sawa. Hoteli hii nakupa. Kuanzia leo ni yako, na meza zake na sufuria zake. Kidari nitaendelea kukuletea, kazi ya moshi nitakusaidia. Ila jina lile ulipake chokaa. Si kwa hasira. Siwezi kuliacha pale Jumamosi, na siwezi kukuambia ufunge."

Nilidhani Ema angefurahi. Mtu anapewa hoteli! Lakini uso wake ulikunjamana.

"Mzee, unanifukuza."

"Nakupa hoteli!"

"Unanipa hoteli na unaninyang'anya jina. Mama Hana alinifundisha mkate wenu kwa mikono yake. Nikitoa jina mimi ni nani? Muuza nyama kama yule wa pale stendi. Afadhali ungenipiga."

"Basi funga Jumamosi."

"Siwezi kufunga Jumamosi!"

"Basi mimi nifanye nini, mwanangu?" Mzee Natani akapaza sauti. Sikuwahi kumsikia akimwita mtu yeyote mwanangu.

Hapo Mzee Gidamis akagonga fimbo sakafuni. "Mimi sielewi. Mnagombana kwa ajili ya maziwa?"

Ema akamweleza kwa lugha yao. Mzee yule akasikiliza, akaturudia kwa Kiswahili. "Kwa bibi yangu, aliyekula nyama hakunywa maziwa siku hiyo. Hapana. Angekunywa, ng'ombe angeumwa kiwele. Sasa mwanangu ananipa vyote pamoja kwenye meza moja. Nakula, kwa sababu ni mwanangu. Lakini tumbo linashangaa."

Mzee Natani alisimama. "Nani aliwafundisha hivyo?"

"Wewe nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Na yeye baba yake."

"Na mimi bibi yangu."

Walitazamana, wote wawili midomo wazi. Ema akamwambia baba yake, "Baba, mbona hukuwahi kuniambia?" Na baba yake akajibu, "Ulikuwa unauza vizuri."

Wale wazee wawili walikaa pamoja mpaka jua likaanza kupoa, wanaulizana. Mbuzi je? Damu je? Mwanamke aliyejifungua anakula nini? Mahali pengine walifanana, mahali pengine walipishana kabisa, na kila walipopishana walibishana kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Mimi na Ema tulikaa mlangoni. Akaniuliza, "Dada, sasa wamekubaliana nini?" Nikamwambia sijui. Na kweli hawakuwa wamekubaliana lolote. Wiki iliyofuata ubao ulipakwa chokaa. Jumamosi Ema akafungua kama kawaida, chai ya maziwa ikatoka kama kawaida. Na watu wa Katesh wakaendelea kusema, "Twende deli," hata watoto waliozaliwa baada ya chokaa.

Hivyo ndivyo hoteli zetu tatu zilivyobaki moja, au mbili, kutegemea unahesabu vipi. Mimi na mzee tuliendelea Mbulu miaka kadhaa. Ema alikuja kila mwezi kuchukua kidari, akala nasi, na hakuna aliyetaja Jumamosi.

Mzee Natani alifariki Alhamisi, mchana, amekaa kwenye kiti chake nje ya jiko. Alikuwa ameniambia zamani: azikwe haraka, kabla ya Sabato, kando ya mama Hana, jeneza la mbao tupu. Ninyi mnajua misiba yetu. Tunasubiri ndugu, tunalala matanga, tunachinja. Kumzika mtu kesho yake asubuhi! Majirani walininong'oneza, "Alikuwa na ugonjwa gani, mbona mnamkimbiza?" Niliwaambia ni kwao hivyo. Wakaniuliza, "Kwao wapi?" Nikakumbuka mama yangu na Yerusalemu.

Walikuja Wayahudi wachache kutoka Arusha, wameendesha gari tangu alfajiri. Kuna sala yao ya kaburini inayotaka wanaume kumi. Hawakufika kumi. Ema, amevaa suti ya harusi yake, akamwendea mkubwa wao. "Mzee, mimi nisimame nao? Na baba yangu. Na wanaume wote hawa." Yule mzee akamshika bega, akamwambia asante, lakini lazima wawe Wayahudi. Ema akarudi nyuma akasimama karibu nami. Wale wachache wakasoma walichoweza kusoma, na mahali pa ile sala wakanyamaza. Ulikuwa ukimya mrefu. Mimi niliujaza na Salamu Maria kimoyomoyo, sijui kama niliruhusiwa. Kisha tukafukia, kila mtu na koleo, na Ema hakumwachia mwingine lake mpaka udongo ulipofika juu.

Jioni ile alirudi Katesh. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mnada. Binti yake Neema ndiye aliyenisimulia. Watu walikuja na njaa zao wakakuta kufuli. Ema amekaa nje ya mlango kwenye kreti, na Mzee Gidamis kando yake. Wasichana wa kazi wamesimama hawaelewi. Watu wakauliza, "Ema, kuna nini? Umefunga biashara?" Akawaambia, "Leo hatufungui." "Kwa nini?" Akajaribu kueleza, akaanza mara tatu, akashindwa. Mwisho akasema tu, "Baba amefariki." Watu wakamtazama Mzee Gidamis, aliye hai pale pale, anavuta ugoro. Mzee Gidamis akawaambia, "Yule mwingine." Wakatoa pole, wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata alifungua.

Sasa mimi nimestaafu, ya Mbulu imekuwa duka la simu, na Ema miguu haimruhusu kusimama jikoni. Hoteli ya Katesh anaiendesha Neema. Nyama ni ile ile. Anaiuza na chipsi, na maziwa mgando ukitaka, na amepaka ukuta rangi ya kijani. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Nikiwa pale wakaingia wageni wazungu waliokuwa wameshuka mlima Hanang, wamechoka, viatu vimejaa tope. Msichana mmoja miongoni mwao alitafuna kipande, akaacha kutafuna. Akafumba macho. Kisha akamwita Neema, akamuuliza kwa Kiswahili cha kujifunza:

"Dada, chakula hiki kinatoka wapi? Bibi yangu alikuwa anapika hivi hivi."

Neema akatabasamu kwa fahari. "Hiki ni chakula chetu cha asili. Cha Kibarbaig. Babu yangu alikuwa anakila hapa hapa kila siku."

Yule msichana akashangaa. "Kibarbaig?"

"Kabisa. Hata moshi wake ni wa kienyeji."

Nikafungua mdomo nimsahihishe Neema. Halafu nikaona sijui nianzie wapi, na nikifika mwisho nitakuwa nimesahihisha nini. Mgeni akaniona, mzee pekee mle ndani, akanigeukia. "Shikamoo bibi. Ni kweli?"

"Marahaba," nikamwambia, nikamvutia kiti. "Kaa. Huyo bibi yako aliitwa nani?"

Akanitajia jina. Lilikuwa gumu, kama yale majina ya kwao baba yake Mzee Natani. Nikamwomba alirudie, akalirudia polepole. Nikalijaribu, Neema akalijaribu, wasichana wa kazi wakalijaribu, na wafugaji wa meza ya jirani nao wakalijaribu, kila mmoja kwa ulimi wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyelipatia, na yule msichana anacheka huku analia.